Kofia Kichwani

Katika picha za kale za Unguja, vazi hutangulia uso kusema. Joho, kilemba na jambia la fedha ni mavazi ya mwenye cheo. Mtumwa, aghalabu, alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, kwani kofia na viatu vilikuwa alama za uungwana. Amri ya mwaka 1897 ilipofuta utumwa, kila aliyetaka uhuru ilimbidi aende mahakamani kuudai. Wengi waliokombolewa wakavaa kanzu nyeupe na kofia. Basi mtazamaji akimwona mtu asiyejulikana jina, amesimama wima mbele ya kamera, kofia kichwani, asidhani kuwa ni pambo tu. Hati ya mahakama huenda ilipotea. Kofia imebaki pichani ikimshuhudia.