Mkongo na Ritifaa: Historia Fupi ya Kupeleka Faili za Uchapaji Mtandaoni
Historia ya kupeleka faili kubwa za michoro kwa mchapaji kupitia mtandao ina nyuzi mbili: njia ya kusafirishia, na uaminifu wa kinachosafirishwa. Itifaki ya kuhamisha faili, FTP, ilipendekezwa mwaka 1971. Hata hivyo, Kenya na Tanzania zilitegemea setilaiti, zenye gharama kubwa na uwezo mdogo, hadi mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo, jalada lenye picha nzito lilifika kiwandani kwa CD, mkononi mwa tarishi.

Uzi wa pili ni PDF, iliyozinduliwa na Adobe mwaka 1993, inayoweza kubeba fonti na picha ndani yake. Fonti zisipobebwa, kompyuta ya mchapaji huweka nyingine. Hapo mistari huhama, na herufi za tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu huweza kuachana. Ritifaa nayo ikipotea, ng'oa huwa ngoa. Kitenzi hugeuka wivu.

Mkongo husafirisha kosa upesi sawa na usahihi. Kwa hiyo, sera inayogharimia kasi pekee imetimiza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni viwango vya faili, kama ISO 15930, na usomaji wa prufu ya mwisho.