Chombo Kisicholala Upande

Nilipostaafu ualimu mkuu niliiahidi nafsi yangu mambo mawili: kwamba sitasahihisha tena daftari la mtu, na kwamba nitarudi baharini. La kwanza limenishinda, maana wajukuu wapo. La pili nililitimiza nikiwa na umri wa miaka 71, na aliyenirudisha ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni nahodha wa katamarani inayobeba wageni huku Nungwi.

Msomaji asiyekijua chombo hicho na afikirie mashua mbili nyembamba zilizokaa sambamba, zimeungwa kwa sitaha pana, na mlingoti mmoja katikati. Hakina mkuku mzito wa risasi kama mashua nyingine za matanga za Kizungu. Kinachokizuia kupinduka ni upana wake. Nilipokikaribia mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia, "Hii si ngalawa iliyoshiba?" Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, Mwalimu, lakini tusiiendeshe kama ngalawa."

Ngalawa naijua. Mjomba wangu alinitia humo miaka ya 1960. Ni gogo la mwembe lililochongwa, jembamba kiasi kwamba bila mirengu yake ya kushoto na kulia haliwezi kusimama wima majini. Nacho ni chombo kinachosema na mtu. Upepo ukizidi, mrengu wa demani huzama, maji huruka, miti huguna, nawe unaiachia kamba ya tanga au unamtuma mwenzio akakae upande wa joshini. Mjomba hakunifundisha nguvu za upepo kwa hesabu. Alikuwa akisema tu, "Usikilize mrengu."

Sasa niseme jambo linaloniuma. Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, darasani na baadaye katika chuo cha ualimu, na kila mwaka nilichora ubaoni jahazi la Waarabu, na mishale miwili ya kusi na kaskazi. Ngalawa sikuichora hata siku moja. Nadhani niliiona kuwa kitu cha maskini, nacho cha maskini hakina historia. Kumbe ndiyo yenye safari ndefu kuliko vyombo vyetu vyote! Mwingereza James Hornell aliandika mwaka 1920 juu ya ngalawa za Madagaska, Komoro na pwani yetu, akazihusisha na vyombo vya visiwa vya Indonesia. Mwaka 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl akaonyesha kwamba Kimalagasi ni ndugu wa lugha ya Wamaanyani wa kusini mwa Borneo. Yaani watu wa visiwa vile waliikata Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ufundi wao ukabaki huku, mikononi mwa wavuvi. Jamaa zao wa ukoo uleule wa lugha walielekea mashariki, wakaenea Pasifiki hadi Hawaii na Nyuzilandi, wakisafiri kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Kwa hiyo maskhara yangu ya ngalawa iliyoshiba hayakuwa mbali na ukweli. Vyombo hivi ni binamu waliopoteana.

Jina lenyewe ni la kuazima. Kwa Kitamil, kattu ni kufunga na maram ni mti; katamarani ya Watamil ni chelezo cha magogo yaliyofungwa, wala si mashua mbili. Wazungu walilichukua jina la huku wakalibandika kwenye chombo cha kule.

Nao hawakukipokea upesi. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alikiingiza chombo chake cha aina hii, Amaryllis, katika mashindano ya New York, akaziacha nyuma mashua za waungwana. Waungwana wakalalamika, ushindi ukaondolewa. Ikapita miaka mingi. Mwaka 1954 Mwingereza James Wharram, aliyefariki mwaka 2021, alijiundia katamarani ya mita 7 hivi, akaondoka nayo mwaka uliofuata kwenda kuvuka Atlantiki pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani. Alitaka kuthibitisha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa na vyombo vya kwendea watakako, hawakuchukuliwa na mkondo tu kama takataka. Katika michoro yake ya baadaye miili ya chombo hufungwa kwa kamba badala ya kukazwa kwa chuma. Mjomba angempa mkono.

Masomo yangu yalianza bandarini, nayo sehemu hiyo ilinifurahisha: injini mbili, moja kila upande, ukiipeleka moja mbele na nyingine nyuma chombo kinazunguka palepale kama pia. Kugeuza kwa tanga kukanitoa jasho. Katamarani ni nyepesi, haina msukumo wa kuivusha omo mbele ya upepo. Ukianza kugeuka bila mwendo wa kutosha inasimama katikati, matanga yanapigapiga, na unaanza kurudi kinyumenyume mbele ya wavuvi wanaokujua. Dawa ni kushika mwendo kwanza, kisha kuliacha tanga dogo la mbele lishikwe na upepo kwa nyuma kidogo, likusukumie omo.

Lakini somo kubwa lilikuwa la Julai, siku tuliyotoka mjini kwenda Nungwi bila wageni. Kusi lilikuwa nyuma yetu, na kisiwa kikitukinga. Usukani ulikuwa mkononi mwangu. Tulipopita Kendwa nahodha wangu akasema, "Mwalimu, labda tupunguze tanga?" Nikatazama: sitaha imelala kama meza, kikombe cha chai hakijatikisika. Nikamjibu, "Bado, chombo kimetulia." Akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu mimi niliwahi kumsimamisha mbele ya darasa kwa kubishana na mwalimu.

Tulipoizunguka Ras Nungwi kuelekea Mnemba nikaigeuza omo kwenye upepo. Hesabu yake naijua sasa. Upepo ulikuwa maili 20 za bahari kwa saa, nasi tulikwenda maili 8 pamoja nao, hivyo nyusoni mwetu tulihisi 12 tu. Ulipogeuka kuwa mbele yetu ukazidi 20, na upepo ukiwa mara mbili nguvu yake ni mara nne. Mwili wa joshini ukanyanyuka majini, kimyakimya. Hakukuwa na mrengu wa kuusikiliza. Mashua yenye mkuku mzito hulala upande, na kadiri inavyolala ndivyo uzito ule unavyoivuta irudi. Katamarani husimama wima, wima, na ikishanyanyua mwili mmoja uwezo wake wa kurudi unapungua, na ikipinduka hutulia hivyohivyo miguu juu.

"Achia!" alinipigia kelele, bila ya "Mwalimu". Nikaiachia kamba ya tanga kuu. Mwili ukarudi majini kwa kishindo.

Baadaye, tukiwa tumekunja tanga mara mbili, akanisimulia habari za Hokule'a, chombo cha Hawaii cha miili miwili, kilichokwenda Tahiti mwaka 1976 bila dira, kikiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, kwa nyota na mawimbi. Dunia ilishangilia. Machi 1978 kilitoka tena, kimesheheni, bahari ikiwa chafu, kikapinduka usiku uleule. Kijana mmoja, Eddie Aikau, alichukua ubao wake wa kutelezea mawimbi akaenda kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Mwaka 1980 chombo kikaenda Tahiti na kurudi, na safari hiyo waliingalia hali ya bahari kwanza.

Nikamwuliza aliyasoma wapi yote haya. Akasema alijifunza mwenyewe, baada ya skuli, na akaniuliza mbona sisi walimu hatukuwaambia kwamba ngalawa ina habari. Nikamwambia sikuwa ninajua. Akanyamaza tena, kisha akanionyesha kipimo cha upepo na akanirudishia usukani.

"Kikifika 18, Mwalimu, unaniambia. Usiingoje mashua ikwambie."

Kilipofika 17 nilimwambia.