Jua la Rumanyika

Rumanyika, mtawala wa Karagwe, husifiwa kwa ukarimu wake. Mimi namsifu zaidi kwa udadisi. John Hanning Speke alipomfikia Bweranyange mnamo Novemba 1861, mwenyeji wake alimwuliza kama jua la leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jipya. Speke aliliandika swali hilo, akapita.

Miaka mia baadaye, 1961, mwanafizikia Eugene Wigner alidai kuwa kipimo cha chembe ndogo hakikamiliki mpaka fahamu ya mtu ikitambue. Baadaye aliyaacha maoni hayo. Rumanyika, bila shaka, hakuijua fizikia ya kwanta. Lakini yeye naye alitaka kujua: kitu kisipoonwa usiku kucha, twahakikishaje kwamba ndicho kile kile?