Visi Platine na Mafundi wa Katuba

Katuba, mojawapo ya komine saba za mji wa Lubumbashi, ilianza kujengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, zama mji huo ukiitwa bado Elisabethville, ili wapate makazi watu waliokuwa wakimiminika mjini pasipo kuwa wote ni wa kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Na kwa kuwa huko hapakuwa na msimamizi wa kambi wa kuwagawia posho, wengi wao walijitafutia riziki kwa mikono yao, wakawa maseremala, washonaji, wachuuzi wa samaki na unga, na mafundi wa magari wenye karakana zisizo na kuta, zilizo uani au chini ya mwembe.

Magari yaliyowafikia mafundi hao yalikuwa ya kazi ngumu. Jeep za Willys zilikuwa zimekwisha kujulikana duniani kwa sababu ya vita. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Na Toyota Land Cruiser zikaja baadaye. Njia zenyewe zilihitaji magari ya namna hiyo, hususan ile iendayo Kasenga, kando ya mto Luapula, ambako Wagiriki walikuwa wameanzisha tangu kabla ya vita biashara ya samaki wa kulisha miji ya migodi, na ambako masika ya Katanga hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Mengi ya magari hayo yalikwenda kwa petroli, na petroli haiwaki bila cheche.

Cheche hiyo, kwa utaratibu ambao Mmarekani Charles Kettering aliuingiza katika magari ya Cadillac yapata mwaka 1910, huzaliwa ndani ya delko, kifaa kigawacho umeme wa cheche, pale vijichuma viwili viitwavyo visi platine vinapoachana ghafla na kuukata umeme wa betri, nayo bobini, kwa kukatiwa umeme huo, hutoa nguvu ya maelfu ya volti iendayo kwenye buji, ilhali kondensa huuzuia moto usivile vijichuma vyenyewe. Nafasi baina yake ni ndogo mno, takriban sehemu nne za kumi za milimita katika Land Rover, na fundi asiye na kipimo huikadiria kwa kipande cha karatasi ngumu. Gari likizimika, hufungua kifuniko cha delko, akafuta unyevu kwa shati lake ikibidi, akazisugua visi platine kwa tupa nyembamba hata weusi utoke, kisha akaunganisha balbu ndogo baina ya delko na bodi, akaigeuza injini polepole kwa mkono: balbu ikiwaka, ndiyo dakika ya cheche. "Moto iko, papa, njia njo ilikufa," humwambia mwenye gari, naye huamini, kwa kuwa balbu ameiona kwa macho yake.

Huko Marekani, kampuni ya Chrysler iliziacha visi platine katika magari yake yote ya mwaka 1973, ikatia mahali pake sumaku na transista, na wengine wakafuata. Lakini tarehe 30 Novemba ya mwaka huo huo Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitwaliwe na raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na maduka mengi ya vipuri yakaingia mikononi mwa watu wasioijua kazi hiyo. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka, na mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia ya shaba ya Katanga kwenda baharini. Hivyo basi, dunia ilianza kukitupa kifaa kinachotengenezeka kwa tupa katika miaka ile ile ambayo Katuba haikuweza kuishi bila kifaa cha namna hiyo. Hali ikazidi kuwa mbaya: Gécamines, kampuni ya migodi ya taifa, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994.

Wako wanaosema kwamba mafundi wetu waliikataa elektroniki kwa ujinga. Rai hiyo siikubali hata kidogo. Visi platine hufa kama mgonjwa anayekohoa siku nyingi kabla ya kulala kitandani, ilhali kisanduku cha elektroniki hunyamaza mara moja, tena porini, na hakuna tupa ya kukifufua. Walakini haki nayo isemwe: elektroniki haina cha kusuguana wala kulika, haibadiliki nafasi yake, na petroli huungua vizuri zaidi, na kondensa nyingi zinazouzwa siku hizi ni hafifu kiasi kwamba wema wa zamani wa visi platine umepungua nusu.

Lakini kwa wengi mjadala huu umekwisha kupitwa, maana injini za dizeli hazina delko wala buji. Anayebaki na Land Rover ya petroli, na atie elektroniki akipenda. Bali ile sahani ya zamani ya delko, pamoja na visi platine zilizokwisha kupimwa na kondensa nzima, aifunge katika kitambaa na kuiweka pamoja na spana zake kabla ya kushika njia ya Kasenga.