Mwanya wa Wapagazi

Mtu aliyeandika habari za meno ya Wanyamwezi kwa makini kuliko wageni wengi wa karne ya 19 alikuwa yeye mwenyewe na taya bovu. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton aliingia Kazeh, kituo cha Waarabu katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857 akiwa na kovu shavuni. Usiku mmoja wa Aprili 1855, huko Berbera, mkuki ulimwingia shavu moja ukatokea la pili, ukamng'oa magego manne na kumpasua kaakaa. Si ajabu kwamba jicho lake lilitua upesi kwenye vinywa vya wenyeji wake.

Kazeh ndiyo Tabora ya leo. Mkazi wa Ipuli, moja ya kata za Manispaa, anaishi mahali palipokuwa njia panda ya misafara: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, huku Bagamoyo. Wanyamwezi walizijua njia hizo kwa miguu yao. Walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu kabla Waarabu hawajajenga Kazeh, na mzigo wa mpagazi mmoja ulifika frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee.

Katika kitabu alichokitoa London mwaka 1860, Burton aliwaeleza hivi. Wana mistari miwili ya chale ndogondogo, inayotoka pembeni mwa nyusi na kushuka hadi katikati ya mashavu au hata kwenye taya. Wengine huongeza mstari wa katikati, kutoka kwenye paji la uso hadi juu ya pua. Chale za wanaume hutiwa mkaa zikawa nyeusi, wanawake hupendelea rangi ya buluu. Masikio hutobolewa na kutanuliwa. Kisha meno: hawayachongi yakawa kama msumeno, kama walivyofanya watu wa kusini, bali humega pembe za ndani za meno mawili ya mbele ya juu mpaka pakabaki mwanya wa pembetatu. Wanawake huenda mbele zaidi, wakang'oa meno ya katikati ya chini.

 Bila shaka yote hayo yalikuwa mapambo, lakini katika njia iliyojaa watu wa makabila mengi, kinywa kama hicho huenda kilikuwa pia kitambulisho. Mpagazi aliyecheka Bagamoyo angeweza kujulikana alikotoka kabla hajataja jina la mtemi wake.

Mwenzake Burton, John Hanning Speke, naye hakurudi salama. Machi 1858, katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, mbawakawa alimwingia sikioni usiku. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa kitu. Akatumia kisu cha mfukoni, akamuua mdudu na kujijeruhi mwenyewe. Uso ulivimba, ukapinda, na kwa siku kadhaa hakuweza kufumbua kinywa, akawa anaishi kwa mchuzi. Baadaye usaha ulitoboa njia kati ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio likapiga mluzi, na waliosikia wakacheka. Basi wazungu wawili waliokuwa Kazeh pamoja katikati ya 1858 walikuwa wamejifunza katika miili yao kwamba taya, uso na njia ya hewa ni nyumba moja yenye vyumba vilivyopakana.

Watu wengine wa Afrika Mashariki walilijua hilo kwa njia yao. Wamaasai na Wajaluo, ambao nao waling'oa meno ya mbele ya chini, wameeleza kwamba pengo lilikuwa na kazi siku ya pepopunda: taya likijifunga, maziwa au dawa hupitishwa hapo. Hesabu hiyo ina akili, ingawa pengo haliwezi kumwokoa mtu ambaye misuli ya koo na kifua imekwisha kukakamaa. Pengo lenyewe nalo halikuwa bure. Mfupa uliopoteza jino husinyaa, na meno ya jirani huegemea kwenye pengo.

Kulikuwa na ukataji wa ndani zaidi. Mtoto akikohoa bila kupona, wazazi wengi Tanzania wamempeleka kwa mganga akatwe kimeo, wakiamini ndicho kinachomkereketa koo. Desturi hiyo imeandikwa katika majarida ya tiba tangu angalau miaka ya 1960, na madaktari wa Hospitali ya Muhimbili wameeleza madhara waliyopokea: damu isiyokoma, maambukizi, watoto waliochelewa kupata tiba ya ugonjwa wenyewe. Wembe mchafu huweza hata kuleta pepopunda. Katika miaka ya 1980 ulienea uvumi wa meno ya plastiki, watoto wachanga wenye homa na kuhara wakachimbuliwa fizi na kutolewa vichipukizi vya chonge ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Sasa turudi kwenye 1860. Mwaka uleule kitabu cha Burton kilipotoka, daktari wa meno wa San Francisco, Emerson Angell, alichapisha habari za msichana wa miaka 14 aliyekuwa na taya la juu jembamba. Alimfunga skrubu kwenye kaakaa, ikawa inazungushwa kidogo kidogo. Baada ya kama wiki mbili nusu mbili za taya zilikuwa zimeachana, na ishara yake ilionekana wazi: mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu, palepale Wanyamwezi walipomega yao. Wenzake wengi hawakumwamini.

Leo kazi hiyo ni ya kawaida. Kwa mtoto skrubu peke yake hutosha, kwani mshono wa kaakaa haujakaza. Kwa mtu mzima daktari mara nyingi hukata mfupa kwanza. Kwa kuwa dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua, taya likipanuka pua nayo hupata nafasi, na wengi hupumua kwa urahisi zaidi. Ulimi hupata mahali pa kukaa. Si dawa ya kila anayekoroma, na wanaoahidi hivyo wanauza maneno: mtu mzima ambaye koo hujifunga usingizini huenda akahitaji upasuaji mkubwa zaidi, wa kusogeza mataya yote mawili mbele.

Uso nao hubadilika. Tabasamu hupanuka, na mabawa ya pua huweza kutanuka kwa milimita chache, jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla ya kisu. Baadhi ya wapasuaji hupitisha uzi chini ya pua kuyazuia mabawa hayo. Skrubu huachwa mahali pake miezi kadhaa mpaka mfupa mpya ujae, na mwanya, ambao mpagazi wa Unyanyembe alivumilia maumivu ili aupate, huzibwa kwa waya za meno.