Kusahau baada ya kiharusi: kipimo cha damu kinatwambia nini?

Mzee ametoka hospitali baada ya kiharusi. Mguu umeanza kukanyaga, mdomo umerudi sawa, na jamaa wanasema alhamdulillahi, amepona. Miezi michache baadaye anauliza kama ameshaswali adhuhuri, ilhali ametoka msikitini sasa hivi. Dawa za presha anameza mara mbili, au hamezi kabisa. Hapo maneno huanza: mzee amekuwa mkaidi, mzee amechezewa.

La, ni ubongo. Taarifa ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2023 ilieleza kuwa hadi asilimia 60 ya walionusurika na kiharusi hupata shida ya kukumbuka na kufikiri ndani ya mwaka wa kwanza.

Moto ndani ya ubongo

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Seli hufa kwa dakika chache, na kinga ya mwili hukimbilia pale kusafisha, kama kidole kilichochomwa na mwiba kinavyovimba na kupata moto. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Mwanzo ina faida. Ikidumu, huharibu hata seli nzima zilizo jirani.

Athari yake huonekana kwenye damu. Kemikali iitwayo intalukini-6 huliamrisha ini litengeneze protini ya CRP, ambayo hupimwa maabara. Tafiti kadhaa zimeona kuwa wagonjwa wa kiharusi wenye viwango vya juu ndio, kwa wastani, hupungukiwa zaidi na kumbukumbu baadaye.

Kipimo si hukumu

CRP hupanda pia kwa nimonia, maambukizi ya mkojo na vidonda vya kulala, maradhi yanayowapata sana wagonjwa wa kiharusi. Kwa hivyo CRP ya juu haina maana kuwa mzee atapoteza akili, na ya chini haimpi dhamana.

Wala usikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni ya kuzima moto huo. Dawa hizo zaweza kuongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Asprini aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine: kazi yake ni kuzuia damu isigande, na isikatizwe bila kumuuliza.

Cha kuomba kliniki

Omba mzee apimwe kumbukumbu yenyewe. Kipimo kimoja, MoCA, kilichapishwa mwaka 2005 na Dkt. Ziad Nasreddine wa Montreal, Kanada. Huchukua kama dakika 10: kukumbuka maneno 5, kuchora saa, kutaja wanyama. Alama ni 30, na 26 kwenda juu huhesabiwa sawa. Aulizwe kwa lugha yake, na mpimaji aelezwe kiwango chake cha masomo. Aliyesoma chuoni tu asihukumiwe kwa kutozoea kuchora. Mweleze daktari pia kama mzee ana huzuni, kwani nayo huvuruga kumbukumbu.

Nyumbani, dhibitini presha na sukari, na mtu mmoja awe msimamizi wa dawa. Dini imetuhimiza kutafuta tiba na kuwafanyia wema wazee wetu. Kumgombeza mtu kwa ugonjwa wake si katika wema huo.