Neno Lililotukwamisha

Mwaka huu chama chetu kilijipa kazi ya kuandaa faharasa ya Kiswahili ya istilahi za mitandao ya kompyuta, kwa ajili ya wenzetu wa hapa Johannesburg wanaosomea fani hiyo. Tulikwama kwenye neno moja: "native".

Swichi moja huweza kugawanywa kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, kila mmoja ukiitwa VLAN. Waya uunganishao swichi mbili, yaani trunki, hubeba data za mitandao yote, na kila fremu hubandikwa lebo ya baiti 4 ili ijulikane ni ya mtandao upi. Lakini kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998 kiliruhusu pia fremu zisizo na lebo, kwa kuwa vifaa vingi vya zamani havikuielewa. Fremu ya namna hiyo huingizwa katika VLAN iliyoteuliwa kwa mlango ule. Ndiyo hiyo "native VLAN".

Hitilafu huzuka pale upande mmoja wa waya umeteua VLAN 1 na upande wa pili VLAN 10. Fremu huondoka ikiwa ya 10, ikafika ikiwa ya 1. Taa zinabaki kijani. Swichi za Cisco hupashana habari na kuandika onyo, ila onyo humfaa anayelisoma.

Mwenzetu mmoja alipendekeza "VLAN ya wenyeji". Tukaguna. Katika mji huu neno "native" si geni. Sheria ya 1952, iliyojidai kufuta pasi na yenye neno hilo katika jina lake, ndiyo iliyowalazimu Waafrika waliotimiza miaka 16, kwanza wanaume na baadaye wanawake, kubeba kitabu ambacho watu walikiita dompas. Wenzetu kutoka Kenya hawakuhitaji maelezo. Kwao sheria ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilileta kipande: hati iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Ajabu ni kwamba kwenye swichi mambo yamepinduka. Huko "native" ndiye apitaye bila kipande. Barabarani Johannesburg ndiye aliyesimamishwa na polisi akidaiwa kukionyesha, na asiyekuwa nacho alilala rumande.

Kilichotuokoa ni kiwango chenyewe. Hakitumii neno "native". Husema PVID, yaani kitambulisho cha VLAN cha mlango. "Native" lilienezwa na Cisco. Basi tukaandika "VLAN ya mlango", na hitilafu tukaiita "kutolingana kwa VLAN za mlango". Mhadhiri wetu alilalamika kwamba atakayefanya mtihani wa Cisco atalikuta neno la zamani, na hakukosea. Tumeliweka kwenye tanbihi.

Lebo imebaki lebo. Pendekezo la kuiita kipande lilipata kura mbili.